Ufa wa Fort Ternan

Christabel Akeyo alikuwa amejenga kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote hakuna karatasi hata moja iliyomtaja. Kila jengo la maana alilolishika lilikuwa na ubao wake mbele wenye jina la kontrakta, na kontrakta mwenyewe alionekana siku ya kumwaga msingi na siku ya kukabidhi funguo. Katikati ya siku hizo mbili aliyekuwepo ni Akeyo na mwiko wake.

Alizaliwa kwenye laini, nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, nje kidogo ya mji wa Kericho. Wazazi wake walikuwa wametoka upande wa ziwani kutafuta kazi, na baba yake, Ogada, alikuwa fundi wa kukarabati matanuri ya kiwanda. Baba alipoumia mgongo, Akeyo alianza kumbebea matofali, na kabla ya mwaka kwisha mzee alikuwa ameketi juu ya ndoo akitoa maagizo huku binti akijenga. Mtu akimuuliza amesomea wapi ujenzi, alijibu kwamba amesomea mbele ya ndoo.

Alikuwa mtu wa kuuliza. Kule laini walimwita Kwani, kwa sababu hilo ndilo neno lililotangulia karibu kila sentensi yake. Kwani moshi wa tanuri hili mbona unageuka? Kwani dirisha hili nani alisema liwe hapa? Wengine lilikuwa likiwachosha. Mumewe Jackton, aliyefanya kazi kiwandani katika sehemu ya kunyausha majani, alikuwa amelizoea kama mtu anavyozoea mvua ya saa nane.

Mambo yalianza Merigi, Oktoba mmoja. Akeyo alikuwa amemaliza kutengeneza jiko la shule ya msingi ya hapo, na mwalimu mkuu, Madam Tecla, akalizunguka jiko mara mbili, akapiga ukuta kwa kiganja, akasema angependa mikono hiyo hiyo ijenge madarasa mawili ya watoto wadogo mwaka ujao. Lakini madarasa si jiko, akaeleza. Kamati haiwezi kumpa kandarasi mtu ambaye hajasajiliwa.

"Wewe huna namba," Madam Tecla alisema.

"Namba gani?"

"Ya kontrakta. Kwani miaka hii yote umekuwa ukijenga kwa namba ya nani?"

Akeyo alizoea kuuliza, si kuulizwa, na swali lile alirudi nalo nyumbani Sosiot kama kijiwe ndani ya kiatu. Wiki hiyo hiyo alivaa nguo za kanisani akaenda mjini Kericho, kwenye ofisi inayosajili wanakandarasi.

Alitarajia kuzungushwa. Badala yake alikutana na ofisa aitwaye Kipruto, kijana mwenye miwani, aliyemkalisha na kumweleza hatua kwa hatua. Kwanza asajili kampuni. Pili alete cheti cha mtihani wa ufundi. Tatu alete picha na barua za wenye majengo matatu aliyoyajenga, na katika hayo matatu, moja liwe alilolisimamia mwenyewe kutoka msingi hadi paa. Ofisa angetembelea jengo mojawapo kabla ya faili kwenda kwa kamati. Akifaulu ataanzia daraja la chini kabisa, nyumba ndogo zisizo na ghorofa.

Akeyo aliuliza maswali mengi hadi chai ya Kipruto ikafanya utando juu. Mwisho akauliza kwa nini wanataka jengo zima na si kuta tu, maana kuta ndizo zinazoonekana.

"Ukuta unaweza kudanganya, mama," Kipruto alisema. "Msingi hauwezi. Shida yake ni kwamba unakawia kusema."

Kampuni ilikuwa rahisi, ilimchukua siku mbili kwenye duka la intaneti la Sosiot. Mtihani ulifanyika Desemba katika chuo cha ufundi upande wa Bomet. Waliokaa pamoja naye kwenye foleni wengi wangeweza kuwa wanawe. Walipewa matofali, mchanga na saa nne, wajenge kona na nguzo. Akeyo alimaliza kabla ya saa tatu kwisha, akatumia muda uliobaki kutazama wenzake wanavyoshika mwiko, kwa sababu kulikuwa na mmoja aliyekuwa akikata tofali kwa pigo moja na alitaka kujua anafanyaje.

Kazi ya mikono haikumtisha. Kilichomtoa jasho ni maswali ya mdomo. Mtahini, mzee mnyamavu aliyeitwa Mosoti, alimwonyesha kitu kimoja kimoja na kumuuliza jina, na Akeyo akagundua kwamba kuna mambo amefanya mara elfu bila kujua yanaitwaje. Yeye na baba yake walikuwa na majina yao ya nyumbani. Kila Mosoti alipomtajia jina la kitabuni, alilirudia chini chini kama mtu aliyetambulishwa upya kwa jirani wa siku nyingi.

Kisha Mosoti akamuuliza msingi wa nyumba ya chini uchimbwe futi ngapi. Akeyo akasema mbili na nusu.

"Kwa nini?"

"Ndivyo baba alivyonifundisha."

"Baba yako alijengea wapi?"

"Kericho."

Mosoti aliandika kitu kwenye karatasi yake. "Basi jibu lako ni sahihi kwa Kericho," alisema.

Alifaulu. Alipopewa cheti alimwomba Mosoti namba ya simu, akijua kwamba sentensi ile bado haijamwisha.

Barua mbili za kwanza hazikuwa na taabu. Chama cha wafugaji cha Sosiot, alichokuwa amekijengea kuta za nyumba ya kupozea maziwa, kilimwandikia barua yenye muhuri mkubwa. Mwenye duka moja la hapo hapo naye akaandika, akaongeza kwamba paa halijavuja hata mara moja. Lakini jengo zima, kutoka msingi hadi paa, bila kontrakta juu yake, Akeyo alikuwa nalo moja tu. Ilikuwa nyumba ya mzee mmoja mstaafu wa reli huko Fort Ternan, Eliakim Otiende, aliyokuwa amemjengea miaka kumi na mmoja nyuma, na tangu siku ya kukabidhi funguo hakuwahi kurudi.

Alikwenda mwishoni mwa Januari. Ukitoka kwenye milima ya chai kuteremka huko, joto linakupokea taratibu, majani chai yanaisha, miwa inaanza. Akeyo aliona pia jambo ambalo safari ile ya kwanza hakulitazama. Udongo wa kando ya barabara ulikuwa mwekundu muda mrefu, halafu katika kona mbili tatu tu ukawa mweusi.

Mzee Otiende alimkaribisha kwa heshima. Alimpa maji ya kunywa, akaulizia watu wa nyumbani, akasikiliza habari za leseni hadi mwisho. Kisha akasimama, akamwongoza hadi pembe ya nyuma ya nyumba. Kutoka chini ya dirisha hadi ardhini ulikuwa umeshuka ufa mrefu, wenye ngazi ngazi ukifuata viungo vya mawe. Mzee akaingiza kidole chake cha shahada ndani ya ufa hadi kikafika kwenye kifundo cha pili.

"Hii ndiyo barua yangu," akasema.

Akeyo alihisi uso wake ukiwaka. Alichuchumaa kwanza ili asiuonyeshe. Alipokuwa pale chini, macho yakiwa karibu na ufa, aibu ikaanza kupungua na kitu kingine kikachukua nafasi yake. Kingo za ufa hazikuwa na vumbi. Zilikuwa zimesuguana, laini, kama meno ya mtu anayesaga usingizini. Akauliza ufa ulianza lini.

Mwaka wa tatu, mzee alisema. Aliuziba kwa simiti, ukaitema. Akauziba tena, ukaitema tena. Jambo lililomshangaza ni kwamba mvua za Aprili zikishanyesha, ufa unajifunga wenyewe, huwezi kuingiza hata wembe, halafu kiangazi kikija unafunguka upya.

"Nyumba yako inapumua, fundi," alisema. "Mimi nilitaka nyumba, sikutaka ng'ombe."

Barua hakuandika, na Akeyo hakuiomba mara ya pili. Aliomba ruhusa ya kurudi tu.

"Kufanya nini?"

"Kuangalia."

Mzee alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Akamwambia mlango haufungwi mchana.

Jackton, aliposikia habari hizo jioni, alikuwa na njia ya mkato. Binamu yake alikuwa na nyumba Sosiot ambayo Akeyo aliijenga sehemu kubwa, ingawa msingi ulichimbwa na watu wengine. Binamu angeandika kwamba ni yake yote. Nani angejua? Akeyo alifikiri juu ya jambo hilo kwa siku mbili, na si kweli kwamba alilikataa kwa utakatifu. Alijua kwamba akipata leseni kwa nyumba ya binamu, hatakuwa tena na sababu ya kwenda Fort Ternan, na hatajua kamwe ni nini kinachofungua ukuta na kuufunga.

"Unajifunga, Jackton," alirudia kumwambia mumewe wakila. "Ukuta wa mawe. Kwani mawe yanakua?"

Jackton alitafuna kwanza. Alisema mawe hayajui, lakini jani analijua. Kiwandani wanalimwaga jani bichi kwenye vitanda vya kunyaushia, linajaa hadi hapa, akaonyesha kifuani, na kufikia zamu inayofuata limeshuka hadi kiunoni bila mtu kupunguza hata konzi moja. Ni maji tu yaliyotoka.

"Mimi naona si mawe," alisema. "Labda ni udongo wako unanyauka."

Akeyo aliweka kijiko chini. Asubuhi yake alimpigia simu Mosoti, naye Mosoti hakuonekana kushangaa hata kidogo. Alimweleza juu ya udongo mweusi, ule mafundi wanauita blakikotoni, unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, na kunyanyua na kushusha chochote kilichokalia mgongo wake. Lakini akamwonya asikimbilie jibu. Nyumba nzima ingekuwa juu ya udongo huo, ingepanda na kushuka pamoja. Kwa nini pembe moja? Alimshauri achore alama mbili, huku na huku za ufa, apime umbali wake kila siku bila kuruka, na abandike kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, kwa kuwa kioo hakiwezi kudanganya. Halafu achimbe.

Alirudi Fort Ternan na vipande vitatu vya kioo, rula ya chuma na jembe. Alichora alama na kumwomba mzee amsaidie kupima, kwa sababu yeye hawezi kuja kila siku.

"Nipime saa ngapi?" mzee aliuliza.

"Wakati wowote, Baba."

"Hakuna wakati unaoitwa wowote," alisema Mzee Otiende, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ameandika saa za kufika na kuondoka kwa treni. Akachagua saa moja kamili asubuhi. Akatafuta daftari, akapiga mistari, akaongeza safu nyingine ambayo Akeyo hakuiomba, ya mvua, akaweka kopo uani la kuipimia.

Kioo cha kwanza kilipasuka siku ya tisa. Mzee alimpigia simu Akeyo akiwa kazini, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeharibikiwa na nyumba. Ilikuwa ya mtu aliyeshika samaki. Milimita kumi na tisa, alisema, jana zilikuwa kumi na nane.

Mwezi wa pili ulipokuwa unaishia, Akeyo alichimba. Alianza na pembe ya mbele, ile isiyo na tatizo. Udongo mweusi uliisha kabla ya kufika goti, chini yake kukawa na maramu, udongo wa changarawe, ngumu na nyekundu, na msingi wake ulikuwa umeikalia vizuri kama sufuria kwenye mafiga. Kisha akahamia nyuma, penye ufa. Hapo alichimba hadi kiunoni, bado ni mweusi. Alichimba hadi kifuani, bado. Udongo ulikuwa umekauka na kupasuka vipande vipande hata huko chini. Katikati ya weusi ule, juu juu, aliona msingi wake mwenyewe, futi mbili na nusu, umening'inia kama mtu aliyekaa kwenye ukingo wa kiti.

Maramu aliipata alipokuwa amezama shingoni. Na chini ya msingi, ikipita kutoka upande mmoja hadi mwingine, aliiona mizizi minene kama kifundo cha mkono.

Alimwita mzee aje aone. Mzee aliinama juu ya shimo, akatazama mizizi, halafu akageuka polepole kutazama mstari wa mikaratusi saba iliyosimama hatua nne kutoka nyumbani, mirefu, yenye afya. Aliipanda mwaka ule ule aliohamia, kwa ajili ya nguzo na kuni.

"Kwa hivyo ni miti yangu," alisema.

Ingekuwa rahisi kunyamaza hapo. Akeyo baadaye alimwambia Jackton kwamba alihesabu pumzi tatu.

"Ni miti yako na msingi wangu, Baba," alisema kutoka shimoni. "Miti inanyonya maji, ndiyo imefanya haraka. Lakini msingi huu haukutakiwa kuishia hapa. Nilichimba kama niko Kericho. Sikuuliza."

Mzee alikaa kwenye rundo la udongo. Ndege walikuwa wakipiga kelele kwenye miwa.

"Miaka minane nimekutukana, nyara," alisema mwishowe, akimwita "binti yangu" kwa lugha ya kwao. "Na wewe hujui."

"Sasa nimejua," Akeyo alisema, akamwomba amshushie ngazi.

Walikata mikaratusi mitano, ile iliyokuwa karibu na ufa, kabla ya mvua. Mosoti alikuwa ameshauri wasiguse msingi hadi udongo unywe maji yake ya kawaida, la sivyo wangekamata nyumba ikiwa imeinama. Kwa hiyo walingoja. Mvua ilipofika mwishoni mwa Machi, namba za daftari zilianza kurudi chini, kumi na saba, kumi na mbili, saba, na kila Jumapili baada ya ibada mzee alipiga simu kumsomea. Walianza kubishana. Mzee alidai ufa unajifunga siku tatu baada ya mvua kubwa, Akeyo alisema ni tano. Daftari lilisema ni nne.

Katikati ya kungoja huko, Merigi wakachoka. Madam Tecla alimpigia simu mwezi wa tano kumwambia kwamba madarasa yamepewa mtu mwingine, kwa kuwa fedha zingerudishwa kama hazingetumika. Alisema anasikitika, na Akeyo alimwamini. Hata hivyo alilia kidogo, nyuma ya nyumba, kwenye ndoo za maji. Wiki iliyofuata alikwenda Merigi kutazama madarasa yakijengwa, akitumaini kwa siri kuona ukuta uliopinda. Kuta zilikuwa wima. Fundi aliyekuwa akizijenga alikuwa mtu mzima aliyefanya kazi bila haraka, na jina lililokuwa kwenye ubao pale langoni halikuwa lake. Akeyo alimuuliza jina. Wakazungumza saa nzima juu ya mchanga.

Juni, ardhi ikiwa bado na unyevu na ufa ukiwa umefumba, alirudi Fort Ternan na vibarua wawili. Walichimba chini ya pembe ile kipande kwa kipande, hatua moja kila siku, hadi kwenye maramu, wakijaza zege kila kipande kabla ya kufungua kingine, ili nyumba isikose mahali pa kukanyaga. Mzee alileta simiti na kokoto. Akeyo alileta kazi yake. Kila asubuhi saa moja mzee aliwaomba wasimame kidogo, apime.

Siku ya mwisho alimpa bahasha. Barua ilikuwa imeandikwa kwa mkono, kwa herufi zilizonyooka kama reli. Ilisema kwamba Christabel Akeyo alimjengea nyumba kutoka msingi hadi paa. Ilisema pia kwamba nyumba ilipata ufa mwaka wa tatu, na kwamba fundi huyo, aliporudi na kuuona, hakuondoka. Alichimba hadi akapata kosa lake na la mwenye nyumba, akarekebisha. "Ningejenga nyingine," barua ilimalizia, "ningemwita yeye." Kurasa za daftari zilikuwa zimenakiliwa na kubanwa nyuma.

Jackton aliisoma mara mbili, akasema ni barua nzuri sana lakini ina maneno mawili matatu ya kuondolewa. Mtu haendi kuomba leseni ya kujenga akiwa amebeba ushahidi wa ufa. Akeyo aliona ana haki. Aliibeba barua ile kwenye mkoba kwa siku nne, akaitoa na kuirudisha. Mwishowe aliipeleka ilivyo, kwa sababu kila alipojaribu kuwaza barua isiyo na ufa ndani yake, hakubaki na cha kusimulia.

Kipruto aliisoma mbele yake. Aligeuza kurasa za daftari moja moja, akarudi nyuma, akafuata namba kwa kidole. Akeyo alitazama dirishani. Kisha ofisa akavua miwani, akasema kwamba katika majengo yake matatu, hili ndilo atakalotembelea.

Alikuja Julai amevaa buti. Hakutaka kuona sebule. Aliomba pembe moja ifukuliwe, na ilipofukuliwa akashuka mwenyewe shimoni, suruali ya ofisini na yote, akagonga zege kwa nyundo, akasikiliza, akapima mpaka kwenye maramu. Mzee Otiende alisimama juu yake na daftari tayari, ingawa hakuna aliyemwomba.

Kipruto alimuuliza Akeyo maswali akiwa bado shimoni. Mengi aliyajibu. Mawili hakuyajua, akasema hajui, na akamuuliza yeye jibu lake. La mwisho lilikuwa hili: angejua mambo haya miaka kumi na mmoja nyuma, angefanya nini?

"Ningechimba shimo kila pembe kabla sijanunua jiwe la kwanza."

"Na mwenye nyumba akisema unampotezea siku?"

"Nitampotezea."

Kipruto alinyoosha mkono ili avutwe juu.

Faili lilikwenda kwa kamati na kukaa huko. Akeyo alijenga ukuta wa mtu, akapiga plasta nyumba ya mtu mwingine. Katikati ya Septemba ujumbe uliingia kwenye simu akiwa kwenye jukwaa la mbao, mikono imejaa chokaa, ikabidi amwombe mwenzake amsomee. Alisajiliwa, daraja la chini kabisa. Cheti chenyewe alipokileta nyumbani, alimwomba Jackton akisome kwa sauti, kampuni na namba na yote, naye Jackton akasoma kama anayesoma Biblia kanisani. Akeyo alidhani angefurahi zaidi. Alifurahi, lakini furaha yenyewe ilikuwa tulivu, na ndani yake kulikuwa na swali jipya kwamba sasa atafanya nini nacho.

Kazi ya kwanza ilipatikana Novemba. Wakulima wadogo wa kijiji kimoja nyuma ya Sosiot walitaka banda jipya la kupimia majani chai, la mawe, na kamati yao ilikuwa imetangaza kandarasi. Akeyo alishindana na wengine wawili akashinda. Siku ya kwanza, mwenyekiti wa kamati alifika akitarajia kukuta kamba zimevutwa na msingi umeanza. Alikuta watu wanne wanachimba mashimo manne kwenye pembe nne. Aliuliza mashimo ni ya nini. Akeyo alimwambia. Mwenyekiti alisema hapa ni Sosiot, udongo ni mwekundu tangu babu zake, na wakulima wanangoja. Akeyo alisema siku moja tu.

Mashimo mawili ya kwanza yalikuwa kama mwenyekiti alivyosema, mekundu, safi, imara. Katika la tatu, jembe lilitoa sauti tofauti. Udongo ulikuja mzito, ukabadilika rangi, kisha chini kabisa ukaanza kung'aa. Maji. Hayakububujika. Yalijikusanya polepole, kwanza kama alama ya kiganja, halafu kama sahani, na baada ya nusu saa yalikuwa yamefunika vifundo vya miguu ya aliyekuwa akichimba.

Wachumaji waliokuwa wakipita na vikapu walisimama kutazama. Mwenyekiti alivua kofia. Aliuliza Akeyo alijuaje kwamba kuna chemchemi hapo.

"Sikujua," Akeyo alisema. "Ndiyo maana nimechimba."

Walikubaliana kusogeza banda hatua tisa juu ya mteremko. Vibarua walianza kukusanya kamba na vigingi, wakamngoja awaonyeshe pa kuanzia. Lakini Akeyo alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa shimo la tatu, akitazama tope likituama na maji yakianza kuwa maangavu, akijaribu kuona yanaingilia upande gani.